Nilivyonyoosha Mpaka wa Bibi

Kosa langu nililifanya katika saa ya kwanza ya kucheza, na nalitaja mapema usije ukalisikia kwa mtu mwingine. Gemu ilinipa upanga butu, farasi anayekohoa, na mji uliochomwa na majoka: kuta nusunusu, mihimili myeusi, kisima kilichojaa kifusi. Kazi yangu ilikuwa kuujenga upya. Nami, rafiki yangu, sikuuvumilia ule mparaganyiko hata kidogo. Kabla sijapigana na joka hata moja, nilifungua orodha ya ujenzi, nikachagua kuondoa vyote. Mji ukawa mtupu kama sinia lililooshwa. Nikachora barabara nne zilizonyooka, nikapanga nyumba kwa nafasi sawa, nikapiga picha. Niliridhika kwa muda ule ambao chai huchukua kupoa.

Ndipo nikagundua kwamba wenyeji wa mji ule walikuwa wamejificha msituni, na kila mmoja alikuwa akingoja aone msingi wa nyumba yake umeinuliwa tena ndipo arudi. Mhunzi hakurudi. Mama wa dawa za mitishamba hakurudi. Walikuja wapangaji wasio na majina, wote wakinisalimu kwa sentensi ileile moja. Ilinibidi nianze upya, na tathmini niliyokuwa nimewaahidi wasomaji wangu ikachelewa.

Nina ukurasa mdogo mtandaoni ninapoandika kuhusu magemu kwa Kiswahili. Hakuna aliyenifundisha. Kiingereza chenyewe nilikiokota kwenye menyu za magemu, na kamusi isiyo na jalada ikiwa mapajani. Kwa kuwa sikufundishwa, sijui ni wapi kitu huwa kimetosha, kwa hiyo aya moja naweza kuiandika mara saba, nikaifuta, nikaamka kunywa maji, nikarudi kuiandika kama ilivyokuwa mwanzo. Safari hii nilikwama kabisa. Nilikuwa na mengi ya kusema: kwamba mapigano ni matamu, unakwepa pigo la joka kwa kufumba na kufumbua, kwamba kamera hukwama kila ukiingia pangoni, kwamba mvua ya mle inanyesha vizuri kuliko gemu yoyote niliyowahi kucheza. Lakini kila nilipofika kwenye habari ya ujenzi, vidole vilisimama. Kosa lile nilishawahi kulifanya, tena si kwenye skrini. Nililifanya Moshono, shambani kwa bibi, nikiwa na miaka kumi na mmoja, kwa panga na kamba ya kuanikia nguo.

Wakati huo mimi na mama tulikuwa tumepanga chumba mjini, Kaloleni. Mama aliuza vitambaa. Nyumba ya tatu kutoka kwetu palikuwa na banda la gemu, lenye televisheni mbili za kisogo na pedi zilizofungwa kwa utepe wa gundi. Wenzangu walicheza mpira na ngumi. Mimi nilingoja zamu yangu nichague ile ya mashujaa, ambayo ukishinda vita unapewa mbao na mawe ya kujengea kijiji. Nilipigana harakaharaka ili nirudi kupanga nyumba. Mwenye banda hakuchoka kunitania mbele ya watu: "Dogo, wenzako wanaua majoka, wewe unafagia barabara. Wewe ni askari au bwana afya?" Banda zima lilicheka. Mimi nilikuwa natazama nyumba moja iliyokaa upande kidogo, na sikuweza kuondoka kabla sijaisogeza.

Likizo ya katikati ya mwaka, mama alinipeleka kwa bibi mzaa mama. Mguu wa bibi ulikuwa umevimba, akahitaji mtu wa kumchotea maji na kumkatia ng'ombe majani. Moshono ya siku zile ilikuwa bado na migomba mingi kuliko mabati. Ilikuwa Julai, na wewe unaijua baridi yetu ya Julai: ukungu unaingia mpaka jikoni, nguo zinakaa siku tatu kwenye kamba bila kukauka, na mlima unajionyesha asubuhi kidogo tu halafu unajifunika kama mtu aliyekumbuka kuwa hakuoga. Jikoni kulinuka moshi wa kuni na mtori wa ndizi. Jioni tulisikia kwaya ya kanisani ikifanya mazoezi, sauti ya tatu ikipotea kila mara mahali palepale, hata mimi nikawa nangoja ipotee.

Bibi alikuwa Mchaga aliyetoka Kilimanjaro na mumewe zamani, wakanunua kiwanja kwa Mwarusha mmoja. Mpaka wa kiwanja aliupanda yeye mwenyewe, kwa masale aliyoyabeba kutoka kwao. Isale unalijua, lile jani refu la kijani lisilokauka hovyo. Mchaga hulipanda mpakani, na akikosana na mtu hulifunga fundo na kulipeleka kuomba msamaha. Aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Hati ya kiwanja haikuwapo. Hati ilikuwa masale.

Upande wa pili wa masale aliishi mjane wa yule Mwarusha aliyeuza. Sote tulimwita Koko, kama Waarusha wanavyomwita bibi. Asubuhi, kabla jua halijatoboa ukungu, ungemsikia akiita kutoka ng'amboni, "Jirani! Umekufa?" Bibi naye, "Bado, nasubiri maziwa!" Kibuyu cha maziwa kilipita juu ya masale kuja huku, kichane cha ndizi kikapita kwenda kule. Mfereji uliomwagilia migomba ya bibi ulipita kwanza kwenye shamba la Koko, na hakuna aliyewahi kuuliza maji ni ya nani.

Sasa, chini kabisa mwa shamba, nyuma ya migomba, mpaka ule ulipinda. Ulitoka barabarani umenyooka vizuri, ukafika karibu na mparachichi, halafu ghafla ukaingia upande wa bibi, ukazunguka kama kiwiko cha mkono, ukarudi kuendelea na safari yake. Kipande chenyewe kilikuwa na ukubwa wa mkeka. Ndani ya kiwiko palikuwa na nyasi na mawe matatu yenye ukungu wa kijani. Kila nilipokwenda kukata majani nilikitazama kiwiko kile, na kikaanza kunikera kama kokoto kwenye kiatu. Nilikiona hata nikiwa nakula. Nikajiambia, bibi mguu unamuuma, hashuki huku; nitamnyooshea mpaka wake, siku akipona nimlete aone. Iwe zawadi.

Nilifanya kazi siku mbili. Nilifungua kamba ya kuanikia nguo, nikaivuta kutoka sehemu iliyonyooka ya juu hadi sehemu iliyonyooka ya chini. Masale yote ya kwenye kiwiko nikayakata kwa panga. Mashina nikayachomeka ardhini kwa kufuata kamba, nafasi ya hatua moja hadi nyingine, kwa maana isale halina makuu, ukilichomeka linaota. Kisha nikakusanya mawe. Shuleni kwetu njia zilipambwa kwa mawe yaliyopakwa chokaa, na stoo ya bibi ilikuwa na chokaa iliyobaki. Nikayapanga mawe pande zote mbili za njia ya chooni, makubwa kwa madogo, nikayapaka meupe. Bibi alipoona kutoka barazani alipiga makofi: "Ee! Sasa tunakwenda chooni kama wageni wa serikali!" Sikulala vizuri kwa furaha.

Siku ya tatu mtoto mkubwa wa Koko alikuja kumsalimia mama yake. Huyu alikuwa anafuga kule Oldonyo Sambu, nyuma ya mlima. Nilikuwa nakata majani nilipomwona amesimama mpakani na fimbo yake begani, akitazama masale, kisha akinitazama mimi, kisha masale. Alipanda moja kwa moja hadi barazani kwa bibi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

"Sikai. Nimekuja kuuliza tu. Masale yenu ya Kichaga, huwa yanatembea?"

Bibi alidhani ni utani, akacheka. "Yanatembea kwenda wapi?"

"Kwetu. Usiku, yakitafuta kiwanja."

"Na ng'ombe wako waliolala kwenye mahindi yangu mwaka jana, wao walikuwa wageni wa kipaimara?"

Lakini yule mwana wa Koko hakucheka, na bibi akaacha kucheka. Maneno yakapanda. Bibi aliapa kwamba tangu mumewe afe hajagusa mpaka, na hata angetaka, kwa mguu gani? Akaunyoosha mguu wenyewe, umevimba kama mkungu. Yule akasema basi kuna mkono umetumwa. Bibi akasema kama kuna mkono, autafute kwao, kwa watu wanaotaka kuuza maeneo. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko, nimeshika sufuria ambalo sikuwa na kazi nalo.

Ningesema pale pale, jambo lingeishia kwenye kofi moja. Nimelirudia hilo kichwani mara nyingi kuliko aya yoyote niliyowahi kuandika. Lakini nilikuwa mtoto ambaye daftari lake halikuwa na alama ya ufutio, ambaye mwalimu alimsimamisha mbele ya darasa ili wenzake waone mwandiko. Sikujua mtoto wa namna hiyo anakoseaje. Nilijiambia nitasema jioni. Jioni nikajiambia asubuhi.

Asubuhi hapakuwa na "Jirani, umekufa?" Bibi alikaa barazani na kichane chake cha ndizi mapajani, akisikiliza, hadi chai yake ikaganda utando. Mchana maji ya mfereji yalikatika. Nilipanda kutazama nikakuta pamezibwa kwa udongo na mawe, upande wa Koko. Tangu hapo nilichota maji kwa madumu kutoka bombani, mwendo mrefu, mikono ikachubuka, na kila niliporudi bibi aliniambia, "Pole, baba. Unateseka kwa dhambi za watu." Siku nne, rafiki yangu. Siku nne nilikunywa chai ya rangi nikiitwa "baba". Majani ya migomba yakaanza kulegea. Usiku bibi aliomba kwa sauti. Alimwomba Mungu ampe jina la aliyegusa masale yake. Nilivuta blanketi nikafunika kichwa.

Siku ya nne alikuja mwenyekiti wa mtaa. Bibi alishuka shambani kwa mkongojo, mara ya kwanza tangu nifike, nami nilimtangulia nikisogeza majani yaliyoanguka ili asiteleze. Upande wa pili walisimama Koko na mwanawe. Mwenyekiti alikuwa amekuja na futi ya fundi. Akaivuta, akachuchumaa, akafumba jicho moja, akatazama mstari wa masale kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Aisee," akasema. "Aliyepanda hapa ni fundi. Umenyooka kama umepigwa rula!"

Nakuungamia kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu: moyo wangu ulifurahi. Pale pale, bibi yangu akiwa karibu kupoteza shamba na jirani, mimi nilisimama wima kidogo.

Mwana wa Koko akaanza tena habari za masale yanayotembea. Bibi akaanza za ng'ombe. Mwenyekiti akasema, wazee, wazee, tusikilizane. Koko alikuwa anatazama chini, kwenye nyasi za upande wetu, akisogeza nyasi kwa kidole cha mguu. Kisha akasema, polepole, kwa Kiswahili chake chenye mdundo wa Kimaa:

"Mwenyekiti, futi yako rudisha mfukoni. Mimi sitaki mita. Nataka mawe yangu matatu."

Bibi akageuka. Nikauona uso wake ukibadilika, hasira zikaondoka zote kwa mpigo mmoja kama ndege waliorushiwa jiwe. "Jirani," akasema. "Mawe hayapo?"

"Hayapo."

Bibi akakaa chini kwenye udongo mbichi, na mguu wake, na kitenge chake kizuri. Hapo ndipo nilipojua mpaka ulipinda kwa nini. Koko alizaa mtoto wa kike kabla ya watoto wake wote. Alimnyonyesha kwa majuma mawili. Walimzika pale, wakaweka mawe matatu. Bibi alipokuja na masale yake miaka mingi baadaye, Koko alimwonyesha mahali, na bibi bila kuulizwa mara mbili akazungusha mpaka, akaacha kipande cha ardhi aliyokwisha kuinunua ili mama yule asilazimike kupita kwa mtu kwenda kumtazama mwanawe.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, hakuna aliyesikia. Nikarudia. "Ni mimi. Nilinyoosha. Bibi hajui. Mawe yapo njia ya chooni. Nimeyapaka chokaa."

Mwana wa Koko akanigeukia. "Wewe layoni," akasema, akimaanisha mvulana ambaye bado hajaingia jandoni, "ulipaka chokaa." Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

Tulipanda sote hadi kwenye ile njia. Mawe arobaini na kitu, yote meupe, yote yamepangwa vizuri. Koko akainama akaanza kuyagusa moja moja. La kwanza alilishika na kulitoa mara moja, bila kulitazama. La pili alilipindua mara mbili, akalipapasa kwa kidole gumba, akalitoa. La tatu halikupatikana. Nilileta maji, yale ya dumu, nikasugua mawe kwa viganja hadi chokaa ikaniingia kwenye michubuko. Mwisho akabaki na mawili, moja kila mkono, akiyapima kama mtu anayepima viazi. Akaliweka chini la kushoto. "Nafikiri ni hili," akasema kuhusu la kulia. Alisema nafikiri. Hadi leo sijui kama lilikuwa lenyewe, na yeye hajui.

Bibi alinipiga, ndiyo, baadaye, na hakupiga sana. Kabla ya hapo alikata jani la isale, akalifunga fundo, akaniwekea mkononi. "Peleka. Usiseme kitu. Toa tu." Nilivuka. Koko alikuwa ameketi kwenye kiti cha miguu mitatu mbele ya nyumba yake. Nikanyoosha mikono yote miwili.

Akalitazama lile jani. "Mimi Mwarusha," akasema, "unaniletea mboga ya Kichaga?" Kisha akalipokea. Akalilaza pajani, akainama pembeni ya kiti, akang'oa nyasi kiganja kimoja, mbichi, na udongo kwenye mizizi. "Sisi kwetu ni hizi. Mtu akishika nyasi mkononi, humgusi. Mpelekee bibi yako. Mwambie niliziba maji mimi, si mwanangu. Niliziba kwa mikono yangu."

Nikarudi na nyasi. Bibi hakujua azifanyeje. Akazungukazunguka nazo, mwisho akazichomeka kwenye pindo la kitenge, akazunguka nazo kutwa kama mtu aliyesahau. Jioni maji yalirudi kwenye mfereji kwa kelele, na Koko akaleta loshoro kwenye bakuli la bati, mahindi na maziwa mgando, tukala watatu kwenye bakuli moja.

Kesho yake nilipanda upya kile kiwiko. Hapo ndipo nilipoteseka, maana mkono wangu ulikataa kupinda. Nilichomeka masale, nikirudi nyuma kutazama nakuta yamenyooka tena. Koko alikaa karibu na mawe yake akinielekeza kwa fimbo: "Pinda. Pinda zaidi. Nani alikuambia nyoka ana kona?" Nilimaliza jua likiwa limezama nyuma ya migomba, na kilikuwa kitu kibaya kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza.

Tathmini nimeshaituma. Nimeipa gemu sifa zake na kamera nimeisema. Kuhusu ujenzi nimeandika sentensi tatu tu, na nimekiri kwamba niliubomoa mji saa ya kwanza. Msomaji mmoja amenijibu kwamba mtu wa tathmini hapaswi kukosea hivyo. Labda ni kweli.

Bibi alifariki nikiwa kidato cha tatu. Wajomba waliuza, na Koko naye watoto wake waliuza. Masale yaling'olewa, pamejengwa ukuta wa matofali wenye vipande vya chupa juu, na mfereji umefunikwa zege, watu wanaegesha magari. Kwaya bado inafanya mazoezi, lakini kwa spika, na sauti ya tatu haipotei tena. Koko yuko Oldonyo Sambu kwa mwanawe, macho yamepungua. Alikwenda na mawe yake matatu. Mwaka huu nilikwenda kumsalimia. Nilipomwambia "Shikamoo, Koko," aliniuliza kama mimi ndiye yule wa chokaa, akacheka hadi akakohoa, kisha akaushika mkono wangu na kuupapasa kiganja polepole kwa kidole gumba.

Ni vigumu kumweleza mtu nilichopoteza kwenye ukuta ule, kwa sababu hakionekani kwenye picha yoyote. Lakini ninachoweza kueleza ni hiki. Wakati ule nilikaa na maneno mawili, "ni mimi", siku nne, migomba ikalegea na wazee wawili wakaacha kusalimiana. Siku hizi nikikosea, moyo bado unakimbia vilevile na mikono bado inatoka jasho, ila nasema siku hiyohiyo.